Nani Anakanyaga Breki ya Gari la Nyuma?

Dillon, Montana
9 Septemba 2009

Shemeji Leland,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Humu ndani ya gari-nyumba kila neno ni la wote wawili. Nikikohoa jikoni, Virgil ananipa pole akiwa kitandani. Lakini kaka yako hawezi tena kusoma, si gazeti wala kibao cha barabarani, kwa hiyo karatasi ndiyo chumba pekee nilichobaki nacho chenye mlango.

Macho yake ni mabaya kuliko alivyokwambia. Anaona pembeni, katikati hamna kitu. Akitaka kunitazama usoni inabidi ageuze shingo kama kuku. Daktari alimwambia aache usukani, naye akauacha bila kusema neno, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama angepiga kelele. Sasa naendesha mimi. Mimi ambaye miaka yote hii kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kupunga mikono wakati yeye anarudi kinyumenyume.

Uendeshaji wenyewe naumudu. Kinachonisumbua ni kigari cha buluu tunachokivuta. Unajua lile sanduku la breki tunalolisimamisha pale chini mbele ya kiti cha dereva wa kigari, lenye mkono ulioshika pedali. Mimi nikifunga breki huku mbele, sanduku linahisi na kukanyaga pedali kule nyuma, ili kigari kijisimamishe chenyewe kisitusukume. Na likikanyaga, taa ndogo nyekundu inawaka mbele yangu. Sasa Leland, tangu tuondoke kwenye ile kambi tuliyokuwa tukisafisha vyoo kiangazi kizima, ile taa inawaka yenyewe. Sijagusa breki, barabara imenyooka, na taa inawaka. Nasikia kabisa tunavutwa nyuma, kana kwamba mtu ameshika pindo la gauni langu.

Nani anakanyaga? Kule hakuna mtu.

Virgil anasema kama mambo hayaeleweki kabla ya korongo la Mto Salt kule Arizona, njiani kwenda kambi yetu ya majira ya baridi, basi hatuteremki. Kuna mnunuzi katika mji wa Show Low, juu ya korongo, atamuuzia gari, na sisi twende kwenye fleti za wazee. Nyumba yetu ya kule Wilber tuliiuza, wewe mwenyewe ulibeba makabati. Hili gari ndilo nyumba yangu. Sitaki fleti, Leland. Nakuambia wewe kwa sababu yeye nikimwambia ananijibu, "Tutaona, bibie," na hiyo maana yake unaijua.

Niandikie kupitia posta ya Pocatello, wanitunzie mpaka nifike.

Shemeji yako,
Darlene


Wilber, Nebraska
13 Septemba

Shemeji Darlene,

Nimefurahi kusikia kwamba hatimaye familia ya Kubicek imepata dereva. Kaka yangu alikuwa akiendesha kama anayepeleka ng'ombe mnadani.

Sasa jibu langu, na usiniambie nimestaafu kuchomelea mabomba ya moshi kwa hiyo sijui kitu. Kabla ya kufunga lile sanduku kwenye pedali, je, unazima injini ya kigari na kukanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kama jiwe? Usipofanya hivyo, ndani ya breki inabaki ile nguvu ya kumsaidia dereva, pedali inakuwa laini, na sanduku likiigusa kidogo tu inazama mpaka chini. Kosa hilo kila mwenye gari-nyumba amelifanya, na kila mmoja anasema ni jirani yake.

Kanyaga mpaka igome, ndipo ufunge. Halafu niambie.

Hapa wanajiandaa kuvuna mahindi. Nilioka kolache, vile vimikate vitamu vya plamu, nikala zote mwenyewe. Msalimie huyo mzee, mwambie nilimpigia akakata.

Leland


Pocatello, Idaho
18 Septemba

Shemeji,

Nilikanyaga mpaka paja likauma. Taa bado inawaka.

Hapa kambini nilifanya kosa la kufungua boneti ya kigari mchana kweupe. Kabla sijainua kichwa wazee walikwisha kunizunguka, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Wa kwanza alisema ni waya. Wa pili akasema yeye havuti na sanduku lolote, gari kubwa lina breki za kutosha, na mkewe akamwambia hadharani, "Ndiyo maana mimi nashuka milima macho nimefumba." Wa tatu alinishika bega akaniuliza kwa upole kama nina mazoea ya kuegesha mguu kwenye breki bila kujua, maana wanawake wengi, akasema. Niliondoka.

Lakini maneno yake yalinifuata. Tuliposimama kujaza mafuta niligusa gurudumu la kigari nikaondoa mkono haraka. Linachoma, Leland, na lina harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Kama huku kwenye tambarare ni hivi, kule korongoni breki zitaungua zikose nguvu kabisa, na mzigo wote utanisukuma mimi kwenye kona. Nimeanza kutazama miguu yangu ninapoendesha. Nimevaa viatu vya mpira vyembamba ili nisikie ninachokanyaga. Huenda mwendo wangu una mishtuko ambayo mimi mwenyewe siihisi, na sanduku linaihisi.

Nilimuuliza Virgil, "Niambie kweli, ni miguu yangu?" Akasema, "Unajitahidi, mama." Hilo lilinikata kuliko tusi.

Nijibu Panguitch, Utah.

Darlene


Pocatello
19 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika kwa kalamu nene ili nione ninachoandika. Samahani kwa kula karatasi.

Nina swali. Breki za kigari zinaweza kukanyagwa mara ngapi kwa siku bila kuharibika? Si kwa nguvu. Kidogo kidogo.

Jirani ndiye ameniandikia bahasha. Darlene asijue.

Virgil


Wilber
24 Septemba

Darlene,

Mzee wa mguu kwenye breki mpuuze. Mtu anayeegesha mguu kwenye breki, taa ingewaka muda wote. Yako inawaka na kuzima. Hiyo si miguu.

Fanya mambo mawili. Ondoa zulia la mpira chini ya sanduku, maana likiteleza sanduku linainama na kudhani mmefunga breki. Halafu kile kitufe cha kuzungusha ubavuni mwake, ambacho kinapanga liwe jepesi kiasi gani kushtuka, kirudishe nyuma kidogo.

Na la tatu, hili ndilo ninalolitaka zaidi: angalia inawaka wapi. Kwenye kona? Kwenye matuta? Upepo ukivuma? Gereji tulikuwa tunaletewa gari linalolia, mwenye gari anasema "linalia tu." Hakuna kinacholia tu. Mwambie Virgil akuhesabie, apate kazi ya kufanya.

Yeye vipi, kwa ujumla? Anasema lolote kuhusu breki? Nauliza tu.

Leland


Panguitch, Utah
29 Septemba

Shemeji mwenye maswali,

Zulia nimeondoa, kitufe nimerudisha. Taa bado ipo. Lakini sasa nina mambo ya kukuambia, na nimejikuta naipenda kazi hii ya upelelezi kuliko ninavyopenda kuendesha.

Inawaka kwenye kona, hasa zenye bonde upande wa Virgil. Inawaka lori likitupita kwa kishindo. Inawaka nikikanyaga ile mistari ya pembeni inayonguruma chini ya matairi. Jana iliwaka mbwa wa watu alipobweka ndani ya gari lililotupita, na hapo nilicheka peke yangu, maana sanduku la breki linaogopa mbwa.

Sasa sikiliza hili. Kutoka mji wa Nephi mpaka Richfield haikuwaka hata mara moja, isipokuwa mimi nilipofunga breki mwenyewe. Kona zilikuwepo, malori yalikuwepo. Nilijiuliza sana siku ile ilikuwa na nini. Virgil alikuwa amelala, kinywa wazi, na sisi wawili, mimi na kigari, tulikwenda kama maji.

Kwa hiyo jibu ninalo, na si zuri. Ni mimi. Akiwa macho nahisi ananisikiliza, nakuwa na woga, nashtua usukani, na sanduku linajua. Akilala naendesha kama malaika. Nawezaje kuendesha nyumba ambayo mume wangu lazima alale ndiyo tufike salama?

Nilimwomba ahesabu kama ulivyosema. Akasema macho yake hayaoni taa. Nikamwambia nitakutajia inapowaka. Akasema, "Usijichoshe, bibie, tazama barabara."

Huulizi hivi hivi wewe. Nakujua. Hajasema lolote kuhusu breki. Mkono mfukoni, uso dirishani.

Posta ya Flagstaff.

Darlene


Wilber
3 Oktoba

Shemeji yangu Darlene,

Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaendesha mpaka Lincoln kwenye duka wanakouza masanduku hayo. Nikaomba nione jipya. Ndani ya boksi lake mna sanduku, mna waya, mna ile taa, na mna kidude cheusi cha kushika mkononi, chenye kitufe kimoja. Kazi yake ni hii: kigari kikianza kuyumba, aliyekaa mbele anabonyeza, na breki za nyuma zinakanyagwa bila dereva kugusa chochote. Kinatumia betri mbili ndogo.

Wewe hujanitajia kidude hicho hata siku moja. Nadhani hujawahi kukiona. Umesema mkono mfukoni. Mfuko upi?

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akikanyaga sakafu upande wake kila baba alipokaribia kona. Zulia la gari lilitoboka pale. Baba alicheka miaka yote. Tofauti ni kwamba mama hakuwa na pedali.

Si miguu yako, Darlene. Haikuwa miguu yako tangu Dillon. Nina sababu nyingine ya kujua, ila nimeombwa nisiitaje.

Ukiniuliza mimi, toa betri ukiache kidude mahali pake. Abonyeze mpaka achoke.

Leland


Show Low, Arizona
8 Oktoba

Leland,

Mfuko wa shati, wa kushoto. Nilikikuta kwenye mashine za kufulia Flagstaff, nikipekua mifuko kabla ya kutumbukiza nguo. Nilikaa kwenye benchi la plastiki nikakishika, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu tuoane. Si kwa kubonyeza. Hasira ni kwamba nilimuuliza usoni kama ni miguu yangu, akaniambia najitahidi. Nimebadilisha viatu kwa ajili ya mtu huyu.

Nilikirudisha kwenye shati safi, nikaamua nimwangalie kwanza. Njia nzima kuja huku nilimtazama kwa kona ya jicho. Lori linakuja, yeye halioni, anasikia tu mngurumo unakua, hajui liko umbali gani, hajui kama nimeliona. Kidole kinakwenda. Midomo inasogea. Leland, miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akituteremsha milima. Hasira imebaki, lakini haiko peke yake tena.

Mnunuzi amekuja leo. Amepiga mateke matairi yote, kama wanunuzi wanavyofanya. Virgil alikuwa tayari kuzungumza naye. Nikasema mbele ya wote wawili: kesho nateremka korongo na kigari nyuma. Taa ikiwaka yenyewe hata mara moja, nageuza kule chini darajani, narudi, namkabidhi funguo mwenyewe na fleti nakwenda. Isipowaka, hatuuzi na asipige simu tena. Virgil aligeuza shingo akanitazama kwa pembeni muda mrefu. "Sawa," akasema.

Alipokwenda kuoga kwenye mabafu ya kambi, nilitoa betri. Ni udanganyifu, najua. Lakini sasa atabonyeza au hatabonyeza, na mimi nitaona.

Nisipofika Globe, ng'ambo ya korongo, kigari ni chako.

Darlene


Globe, Arizona
10 Oktoba

Shemeji,

Tumefika. Niliteremka kwa gia ndogo, injini ikilia kwa juhudi zake, nikigusa breki kwa vipindi na kuachia. Kila nilipogusa, taa iliwaka. Kila nilipoachia, ilizima. Haikuwaka yenyewe hata mara moja. Kumbe sanduku lilikuwa zima tangu mwanzo. Chini darajani nilishuka nikashika gurudumu la kigari na kiganja chote, nikakiacha pale. Lilikuwa vuguvugu tu.

Ningekuwa nacheka sasa. Lakini alibonyeza, Leland. Njia nzima. Kila kona niliona kitambaa cha shati kikicheza juu ya kidole chake. Alijua nilichoahidi. Alijua taa ikiwaka nyumba inauzwa, na bado alibonyeza. Kwa hiyo ama anataka tuuze na hana moyo wa kuniambia, ama haniamini kiasi kwamba afadhali tukose nyumba kuliko aniachie kona moja. Sijui lipi ni baya zaidi.

Pale chini aliniuliza, "Taa vipi?"

"Iliwaka nilipofunga breki. Basi."

"Sanduku limepona, basi," akasema, akaomba kahawa nyingine.

Sijamwambia kwamba najua. Sina hamu. Wewe unaonaje?

Darlene


Globe
11 Oktoba

Mdogo wangu,

Darlene alitoa betri. Nilijua tukiwa Show Low, niliposhika shati. Kidude kilikuwa chepesi. Macho yamekwenda, mikono bado ipo.

Nilifurahi. Betri zingekuwemo ningekitupa mtoni, maana nisingeweza kujizuia. Nilijaribu kuacha tukiwa Idaho. Nilijaribu tena tukiwa Utah. Nikisikia lori kidole kinakwenda chenyewe. Bila betri niliweza kuogopa nitakavyo bila kumharibia.

Nilibonyeza njia nzima mpaka chini darajani. Kikombe cha kahawa kilikuwa mapajani, kimejaa. Haikumwagika hata tone. Nilipokuwa naendesha mimi, niliimwaga kwenye kona za korongo lile kila mwaka.

Miguu yake ilikuwa sawa tangu mwanzo. Aliponiuliza nilipaswa kusema. Niliona haya kusema ni mimi.

Fleti sitaki. Nilizitaja nikidhani yeye amechoka nami.

Bahasha safari hii ataiandika Darlene. Nitampa ikiwa wazi.

Virgil


Shemeji, ni mimi, huku chini ya ukurasa wake, kwa kalamu ya kawaida.

Amenikabidhi bahasha bila kuifunga, akageuza shingo dirishani kana kwamba kuna kitu anakitazama. Nimesoma yote. Zile herufi zake ukubwa wa vidole huwezi kujifanya hukuziona.

Sikumwambia mengi. Nilimwambia ni mjinga, akasema ndiyo. Nikamwambia viatu vile vya mpira vimeniumiza vidole, akasema nivue basi. Kisha nilichukua betri kwenye droo ya vijiko nikamrudishia mkononi. Hakutaka. Nikamwambia kuna kazi nazo, na ni ya watu wawili.

Leo tulikuwa na safari fupi kwenda kambi ya majira ya baridi. Kabla ya kuondoka yeye alikaa mbele na kidude chake, mimi nikasimama nyuma ya kigari, pale pale nilipokuwa nikisimama zamani. Alibonyeza, taa za breki zikawaka. Aliachia, zikazima. Nikampungia mkono kwa mazoea, nikakumbuka kwamba haoni. Kwa hiyo nilipaza sauti, "Iko sawa, Virgil."

"Basi njoo uendeshe," akajibu.

Darlene